Siku moja karakanani: mashine ya spana moja

Saa moja na nusu asubuhi. Nafungua karakana yetu hapa Morogoro. Kazi yangu ni kuchora na kuunda mashine za kupukuchulia mahindi. Mezani nimemwaga bolti zote za mashine tunayouza sasa: zipo za spana namba 10, 13 na 17. Leo nataka zibaki za 13 tu, yaani bolti za M8, zenye unene wa milimita 8. Mkanda ukilegea katikati ya shamba, mkulima anategemea spana iliyo mfukoni mwake.

Saa tatu. Kitako cha injini. Mchoro wa zamani una kigurudumu cha kukazia mkanda, chenye springi, pini na beringi yake. Nimevifuta vyote. Sasa matundu ya bolti ni marefu: unalegeza nati, unavuta injini nyuma mpaka mkanda ukaze, unafunga. Fundi wa kuchomelea analalamika, kwani tundu refu lina kazi kuliko la mviringo. Ana haki, lakini sisi tuna umeme na grinda. Mkulima hana. Kazi hiyo tuibebe sisi.

Saa tano. Shafti inabaki ya milimita 25, maana beringi yake, ya namba P205, haisumbui kupatikana kwenye maduka ya spea.

Saa sita na nusu anaingia mteja kutoka Gairo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii inapukuchua na maharage?"

Namwonyesha. Injini inazunguka mara 1,440 kwa dakika, puli yake, yaani gurudumu la mkanda, ni ya inchi 4, na ya ngoma inayopukuchua ni inchi 8. Kwa hiyo ngoma inazunguka mara 720. Kwa kasi hiyo maharage makavu yanapasuka. Mashine moja kupukuchua mahindi na maharage kunataka puli nyingine, chekeche nyingine, na mtu wa kukumbuka kubadilisha.

"Basi nipe ya mahindi, ila isinisumbue."

Saa nane. Kijana wetu anashauri tuondoe kinga ya mkanda, tupunguze bati na bolti. Nakataa katakata. Mkanda ukinasa khanga ya mtu, unavuta na mkono. Tunakaa na bati hilo muda mrefu kuliko kitu kingine chochote leo, tukikunja na kukunjua. Mwishowe upande mmoja unachomekwa kwenye fremu, upande wa pili unashikwa na bolti mbili. Kinga imebaki, na kuifungua ni haraka.

Saa kumi. Nampa mlinzi wetu spana namba 13 na mkanda mpya. Hajawahi kuigusa mashine hii, nami simwelekezi neno. Kinga anaitoa vizuri, nati tatu za injini zinalegea. Ya nne iko nyuma ya mguu wa fremu. Spana inagonga chuma kabla haijazunguka. Anajaribu kwa juu, anajaribu kwa chini, ananitazama.

Napiga alama ya chaki pale. Kesho, kabla hatujakata chuma kingine, mguu huo unasogezwa.