Sheria Isiishie Kwenye Orodha ya Haki

Baada ya kufundisha somo la jamii hapa Lamu, nimeamini kwamba sheria tunaianzia mahali pasipofaa. Mwanafunzi hukariri orodha ya haki na kuiandika vizuri katika mtihani, lakini siku haki hiyo inapoguswa, hajui aende ofisi gani, aandike nini, wala asubiri jibu kwa siku ngapi.

Chukua Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010. Kinasema kwamba anayekamatwa aelezwe sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa. Kwamba anaweza kunyamaza. Na kwamba afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au, muda huo ukiisha wakati mahakama imefungwa, kabla ya kwisha kwa siku ya kazi inayofuata. Ninapouliza aliyekamatwa Ijumaa jioni atafikishwa lini, darasa zima huanza kuhesabu, na hesabu hiyo hukaa kichwani kuliko kifungu kilichokaririwa.

Sisi wa Lamu hatuna haja ya kuazima mifano ya mbali. Leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, ilipotolewa mwaka 2016, wakazi walioungana katika Save Lamu waliipinga mbele ya jopo la kitaifa linalosikiliza rufaa za mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 jopo hilo likaifuta, kwa sababu miongoni mwa nyingine kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hapo ndipo ninapopenda kukaa na wanafunzi kwa muda mrefu, kwa maana wengi wao hudhani mahakama ni ya mtu aliyekwisha kuumia. Kifungu cha 70 hakimtaki anayetetea mazingira athibitishe kwamba kuna mtu aliyepata hasara. Mtoto wa mvuvi akilielewa hilo, ataelewa pia kwa nini baba yake aende kwenye kikao cha kukusanya maoni hata kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

Wapo wazazi, nami ninawaheshimu, wanaohofia kwamba mafunzo haya yatawaondolea watoto adabu. Jibu langu ni kwamba Katiba hiyohiyo, katika Kifungu cha 24, inaeleza namna haki inavyoweza kuwekewa mipaka, na mipaka hiyo lazima ifundishwe pamoja na haki zenyewe. Ila mwalimu naye akubali kupimwa kwa sheria: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza adhabu ya viboko, na anayefundisha haki huku ameshika fimbo hataaminiwa na darasa lake.

Zoezi ninaloliona lina faida kubwa zaidi ni la kuandika ombi la habari kwa ofisi ya umma. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili, nayo inaipa ofisi siku 21 za kujibu, au saa 48 ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Asiyejua kuandika ana haki ya kusaidiwa na afisa wa ofisi hiyo. Kwa hiyo kila mwanafunzi huandika barua mbili: moja kwa niaba yake, juu ya jambo la mtaani kwao, na nyingine kwa niaba ya bibi au babu asiyeandika, baada ya kumuuliza yeye mwenyewe angependa serikali imweleze nini.