Zamu ya Usiku kwa Anayengoja Ini

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii tusome Zaburi ya 130, mstari wa 5 na wa 6, pale nafsi inapomngoja Bwana kuliko walinzi waingojavyo asubuhi.

Ndugu yetu mmoja hapa Dodoma ini lake limejaa makovu, na madaktari wamemwambia kilichobaki ni kupandikizwa jingine. Naandika kwa ruhusa yake. Habari za figo tumezizoea, maana Hospitali ya Benjamin Mkapa inapandikiza figo tangu 2018. Lakini mwenye figo husaidiwa na dialisisi, mashine ya kusafisha damu, huku akingoja. Ini halina mashine ya namna hiyo. Anayengoja anangoja na lile lile bovu.

Usiku ndio mgumu. Ini likishindwa kazi, sumu hupanda kichwani na usingizi hugeuka: mchana anasinzia katikati ya maongezi, usiku wa manane yu macho, anajikuna mwili mzima. Mkewe humpimia laktulosi, dawa ile tamu ya maji, apate choo mara mbili tatu kwa siku, kwa sababu choo kikifunga anaanza kuchanganyikiwa. Tumbo hujaa maji, hivyo chumvi imekatazwa. Hata mlenda anapikiwa bila magadi, maana nayo huzuia maji mwilini. Aliyekulia Ugogoni anajua hapo amenyimwa nini.

Angalieni mtunga zaburi anamngoja nani. Ini tunaliomba, wala hatuna hakika ya kulipata. Bwana hatuna shaka naye, na mgonjwa wetu husema hivyo mwenyewe, saa nane za usiku, bila kuambiwa na mtu.

Wagonjwa wetu wengi wa namna hii huenda India na ndugu wa kuwatolea. Mtoaji hukatwa kipande cha ini, na kinachobaki hukua tena ndani ya miezi michache hadi kukaribia ukubwa wake wa kwanza. Sifa kwa Mungu aliyeliumba hivyo! Hata hivyo ni upasuaji mkubwa, na mtoaji naye anaweza kudhurika, hata kufa. Sasa nasikia baadhi yetu wanamwambia mdogo wa mgonjwa wetu kwamba akikataa kutoa atakuwa amemuua kaka yake. Wapendwa, tuache. Katika 2 Wakorintho 9:7 Paulo anakataza utoaji wa huzuni au wa kulazimishwa, naye alikuwa akisema habari za changizo la fedha. Sembuse nyama ya mwili? Kijana apewe nafasi ya kufikiri, na akisema hapana, aendelee kukaa kwenye benchi lake kanisani bila kutazamwa vibaya.

Na wanaonong'ona kwamba ini lake limeharibiwa na pombe wajue kuwa homa ya ini B na C huharibu ini pia, na sumukuvu, sumu ya ukungu wa mahindi, iliua watu huku kwetu mwaka 2016. Hata ingekuwa pombe, bado ni ndugu yetu.

Tugawane zamu za usiku ili mkewe alale. Anayekwenda asipeleke supu yenye chumvi wala hotuba. Akimwona anaongea visivyoeleweka au anatapika damu, ampeleke hospitali saa hiyo hiyo; maombi yataendelea njiani.