EF 60 na bado anahema

Ndugu wanatoka kupima eko, ile ultrasound ya moyo, karatasi imeandikwa EF asilimia 60, wanashukuru Mungu moyo mzima. Usiku mgonjwa analalia mito mitatu na miguu imevimba hadi soksi inaacha alama. Jamani, EF inakuambia moyo unasukuma nje kiasi gani cha damu iliyojaa, haikuambii kama unalegea vizuri kuipokea. Ukuta ukikakamaa presha inarudi nyuma kwenye mapafu, maji yanajaa, na EF iko 50 kwenda juu kama kawaida. Huo ndo ugonjwa wa moyo kushindwa kazi huku EF ikisoma vizuri.

Kinachonikera mimi ni kuwatia wagonjwa wote wa hivi kapu moja. Kuna bi mkubwa wa miaka 65, mnene, ana presha na sukari, na kile kipimo cha damu cha BNP, cha kuona kama moyo umeelemewa, kwa watu wanene huwa kinasoma chini kuliko hali ilivyo, so asipopata daktari makini ataambiwa mama huna kitu, punguza uzito tu. Halafu kuna mzee wa miaka 78, mwembamba, presha aliyokuwa nayo zamani siku hizi inashuka yenyewe mpaka dawa zimeachwa, ukuta wa moyo umekuwa mnene, na ukimdadisi anakwambia aah, miaka ya nyuma nilipasuliwa viganja vyote viwili, vidole vilikuwa vinakufa ganzi. Nani angeunganisha kiganja na moyo? Lakini hapo ndo unatakiwa kuwaza amiloidi, protini inayojikusanya kwenye kano za kiganja na kwenye misuli ya moyo, na ina dawa yake tofauti kabisa. Kuna aina ya kurithi, V122I, ambayo Wamarekani weusi takriban 3 mpaka 4 kati ya 100 wanaibeba.

Mwaka 2015 watafiti wa Chicago walichukua wagonjwa 397 wa namna hii, wakaiachia kompyuta iwagawe yenyewe kwa vipimo vyao. Yakatoka makundi matatu, na lililokuwa na hali mbaya kuliko yote ni la wazee wenye figo mbovu na moyo wa kulia uliochoka.

Dawa nazo zinafuata humohumo. Empagliflozini (2021) na dapagliflozini (2022) zilipunguza watu kulazwa, hizo zinawafaa wengi. Ila semaglutaidi ya 2023 ilijaribiwa kwa wenye BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) 30 kwenda juu, yaani wanene, wakapungua uzito na pumzi ikarudi, sasa yule mzee mwembamba ukimpa ya nini, akondeane zaidi? Na bei zake tusiongee.

Mkienda kliniki ombeni ripoti nzima ya eko, muulize ukuta una milimita ngapi, maana 12 kwenda juu inataka maelezo, na chumba cha juu kushoto kimetanuka au la, mapigo yanaruka au hayaruki. Na mtaje operesheni zote za zamani, hata za mkono.