Kanuni imeshinda, nai nimeiacha

Jumapili usiku. Umeme umerudi saa nne kasorobo, naandika mbiombio kabla haujakatika tena.

Hali iko hivi. Nina usiku mbili za kurekodi, maiki nne (mbili zangu, mbili za kuazima), chumba kimoja Mji Mkongwe chenye kuta nene na dirisha bovu, na hela ya kuwalipa watu watatu. Nimepiga hesabu mara tatu, kila nikipiga inakuja hiyohiyo, watatu. Na kwenye daftari nilishaandika ala tisa.

Kwa asiyejua naongelea nini, natengeneza laibrari ya sampo ya ala za firka (kundi zima la wapigaji) ya taarabu. Yani unarekodi ala noti mojamoja, kwa nguvu tofauti, unazikata, unazipanga kwenye programu, halafu mtu aliyekaa na kibodi yake Mwanza au Toronto anabonyeza na inatoka kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarabu, badala ya piano. Ndo kazi yenyewe, nusu ufundi nusu ukarani.

Ilianza na aibu. Mie natengeneza muziki wa matangazo na filamu fupi, na kwenye laptopu nina ala za okestra za Ulaya ambazo hata wenyewe Wazungu wengi hawajawahi kuziona kwa macho. Kuna heckelphone, obo nene iliyotoka kwenye karakana ya Heckel Ujerumani 1904, na mwaka uliofuata Strauss akaitia kwenye Salome. Kuna ophicleide, dubwana la shaba lenye vibonyezo ambalo Berlioz alikuwa akiliandikia kabla tuba haijatawala. Kuna hata octobass, besi la zaidi ya mita tatu ambalo mpigaji anapanda kijukwaa kulifikia. Tangazo moja la sabuni nimelifanya kwa heckelphone, wallahi, na mteja akasifia. Halafu mwaka jana dairekta akaniomba sekunde ishirini tu za gambusi, ala ndogo ya nyuzi, na mie mtoto wa hapahapa nikachukua udi wa kompyuta, nikaukata besi, nikaupandisha sauti kidogo nikampelekea. Hakugundua. Mie nikalala vibaya.

Kwahiyo daftari la kwanza niliandika kwa kigezo kimoja, uadimu. Ala isiyoonekana ndo inaanza. Gambusi namba moja, maana kile kidude (wengine wanakiita kibangala) kinachongwa kwa kipande kimoja cha mti kuanzia tumbo mpaka shingo, kinawambwa ngozi badala ya ubao, ndugu yake yuko Yemen na mwengine Ngazija, na hapa Unguja sa hizi wa kukipiga sawasawa unawatafuta kwa tochi. Namba mbili siwa, lile baragumu kubwa. Siwa nilikuja kuifuta mwenyewe kesho yake asubuhi. Kwanza si ala ya firka, pili ile ni ala ya enzi, siwa ya pembe ya Pate inayohifadhiwa Lamu haikuchongwa ili kijana fulani aibonyeze kwa kidole kimoja kwenye biti ya klabu. Zumari nayo ikaondoka, hiyo ni ya ngoma, na siku Mungu akijaalia itapata laibrari yake. Zikabaki kanuni, gambusi, nai (filimbi ya mwanzi), rika (tari ndogo yenye njuga), dumbak (ngoma ndogo ya mkono), fidla na sanduku.

Alhamisi nikaenda kwa Maalim, mpiga kanuni. Jina lake siliandiki, hapendi. Nimemkuta barazani na kahawa, nikatoa shikamoo, nikaeleza, nikaeleza tena, akanisikiliza mpaka mwisho halafu akauliza:

"Kwahiyo mwanangu unataka kunitia ndani ya kinanda?"

Sikuwa na jibu la haraka. Maana ukweli ndo huo. Taarabu ya kisasa ilishaweka kinanda pale ilipokuwa inakaa kanuni, Maalim mwenyewe harusi ngapi zimempita kwa sababu hiyo, na sasa naja mie na maiki nikitaka kinanda kiige vizuri zaidi. Nikamwambia Maalim, kinanda kipo tu, kinajifanya kanuni kwa sauti ya kopo, mie nataka angalau kikisema kanuni kiseme kweli. Akanywa kahawa. Akasema walishawahi kumjia wageni zamani, wakamrekodi kutwa nzima, wakampa nauli na fulana. Basi pale nikamwonyesha karatasi: malipo ya kazi, na fungu kwenye kila kopi itakayouzwa, limeandikwa. Akaisoma yote. Hata ile sehemu ya chini ya herufi ndogo.

Halafu ndo akaitoa kanuni. Jamani kama hujawahi kuikaribia, ni kama meza iliyokatwa pembe moja, nyuzi sabini na nane, tatutatu kwa kila sauti, kwahiyo sauti ishirini na sita, na upande wa kulia kikalio cha nyuzi kinasimama juu ya vipande vya ngozi, ndo maana inang'aa vile lakini chini yake kuna kifua. Akavaa pete zake mbili kwenye vidole vya shahada, akachomeka vile vijiti vya kupigia, akaanza kutyuni kwa ufunguo. Mie kimbelembele nikaweka tyuna yangu ya simu mezani. Alipofika kwenye ile noti ya tatu ya rasti, moja ya makamu (ngazi za sauti) za Kiarabu, ile inayokaa kati ya mi na mi bemoli, sindano ikawa inayumba huku na huku kama mlevi, haijui iende wapi. Maalim akaitazama.

"Kizime hicho. Hakisikii."

Nikazima. Akakaza uzi kidogo sana, hata mkono sikuuona ukizunguka, akapiga, akatingisha kichwa, akalegeza, akapiga, akanyamaza. Ikakaa. Nywele za mkono zilinisimama na ilikuwa noti moja tu peke yake.

Na hapo ndo kigezo changu kikageuka, njiani narudi. Nilikuwa nauliza swali si lenyewe. La maana ni ala gani inaweza kukatwakatwa vipande na kila kipande kikabaki na roho. Kanuni inaweza. Uzi ukishapigwa, kila kitu kimeshasemwa, kilichobaki ni kufifia. Gambusi vilevile. Lakini nai...

Nai nilijaribu Ijumaa. Kijana mmoja fundi kweli, mie na yeye tunaitana yakhe tangu skuli, kaja na mfuko wa nai saba, fupi na ndefu, tukarekodi noti kumi na mbili. Safi kabisa. Nikazipanga, nikapiga kwenye kibodi tuni fupi anayoipiga yeye kila siku, ikatoka maiti. Kwa sababu uhai wa nai uko njiani baina ya noti na noti, pale pumzi inapojikwaa, kidole kinapofungua tundu nusu, mate kidogo, mdomo unainama. Tukasikiliza wote wawili, kimya, halafu akacheka akasema, "Yakhe, huyo nani?"

Kuna njia nyingine, watu wanarekodi vipande vizima, taksim (mpigo wa peke yake wa kubuni papo hapo) ya sekunde nane kumi, mtu ananunua anabandika. Nimefikiria sana hili usiku wa jana na nimekataa. Noti moja ni malighafi, lakini taksim ni utunzi wake, na atakayeibandika ataandika jina lake mwenyewe juu. Hela ya kumlipa yakhe utunzi sina. Kwahiyo nai nje. Fidla nje kwa sababu hiyohiyo, na fidla za kompyuta zimejaa dunia nzima hata kama haziinami kama za kwetu. Inaniuma zaidi nai.

Sasa hesabu ya kanuni, na hapa ndo nilipotokwa jasho. Sauti ishirini na sita, kila moja nguvu nne, kila nguvu mara nne (ukirekodi mara moja tu, mtu akirudiarudia noti inatoka kama cherehani), hiyo 416. Ongeza vile vyuma vidogo vya kupandisha na kushusha sauti, nikichukua mikao mitatu tu kwa kila moja, ni 1,248. Kila noti niiache ife yenyewe, tuseme sekunde kumi. Saa tatu na nusu za Maalim kupiga na kunyamaza, feni imezimwa, bila kuhesabu makosa, bila kuhesabu vespa, bila kutyuni upya nyuzi zikilegea kwa joto. Kunguru wanalala usiku, alhamdulillah, hilo moja limeokolewa. Kwahiyo usiku wa kwanza wote ni wake.

Usiku wa pili gambusi, na mpigaji kashasema mapema, mvua ikinyesha asilaumiwe, ngozi ikishika unyevu inalala na sauti inakuwa ya mtu mwenye mafua. Nitakuwa na taa ya moto karibu ya kuikausha, taratibu.

Mtu wa tatu nilikuwa nabishana na nafsi kati ya rika na sanduku. Rika ni nzuri lakini haikosekani kwengine. Sanduku, besi la kidumbak (taarabu ndogo ya mtaani), lile sanduku la chai lenye mti na uzi mmoja, watu wanalicheka wanasema si ala. Hebu kaa karibu nalo. Mpigaji anavuta mti uzi unakaza, anaulegeza, sauti inapanda na kushuka chini ya miguu yako, na ule mgoto wake wa mbao hakuna besi la dukani lenye nao. Najua, najua, nimetoka kusema ala za kuteleza hazikatiki. Lakini sanduku linapigwa kwa kudokoa, mdundo mfupi unakufa hapohapo, nimejaribu na simu nikaona unashika. Sanduku basi.

Leo jioni Maalim kapiga simu. Kakubali, masharti matatu. Tuanze baada ya isha. Tyuna isiingie chumbani. Na kanuni ifike siku moja kabla, ilale palepale itakaporekodiwa, nyuzi zikizoee chumba. Chumba chenyewe ndo ninacholala, na mahali pakavu mbali na dirisha ni pamoja tu, kitandani. Kwahiyo Jumatano kanuni inalala kitandani, mie nalala kwenye mkeka.