Pasi ya jogoo

Leo nimeshuka Mwanjelwa kutafuta sweta la mtumba tu, maana baridi ya Mbeya msimu huu haina utani.

Nikapita kwa mzee mmoja katandaza vyombo chakavu juu ya turubai. Mabirika, vibatari, redio isiyo na mfuniko wa nyuma.
Na pasi ya mkaa. Ile yenye jogoo mbele!

Kaanzia 15,000, tukaishia 9,000. (Sweta? Sikununua.)

Nimefika nyumbani, nikamwinua jogoo, nikafungua.
Ndani bado kuna majivu.
Kuna mama alinyoosha sare ya mtoto asubuhi moja, akafunga, hakuirudia tena.

Nimeshindwa kuyamwaga.

Jamani, kwenu mlikuwa nayo? Na nani aliunguza sketi ya shule akasingizia umeme?