Bajan au bajen: kitenzi decir kwa waongoza watalii wa Moshi

Wengi wanaojifunza Kihispania hapa Moshi ili wapandishe wageni mlimani huanza na hablar, maana ni kitenzi kipole: hablo, hablas, habla. Lakini huko juu, kutwa nzima, utakachokihitaji zaidi ni decir, yaani kusema, nacho ni kikorofi.

Hablar ni kuongea: kuongea lugha (hablo español), kuongea na mtu (hablar con), kuongelea jambo (hablar de). Decir hubeba neno au habari yenyewe. Kusema ukweli ni decir la verdad. Pale ambapo Kiswahili kingeweka "kwamba", tumia decir: dice que le duele la cabeza, anasema kichwa kinamuuma. Kosa la habla que linatoka kwetu, kwa kuwa "sema" yetu hubeba yote mawili: "anasema Kiingereza" na "anasema anaumwa".

Kihispania hakina "ambia" ya pekee. Unachukua decir hiyo hiyo na kuitajia mwambiwa: me, te, le, nos, les. Niambie ni dime. Kwa mtu unayemheshimu, dígame. Mwambie ni dile. Ukitaka "nitamwambia hilo", usiseme le lo diré, kwani le ikikutana na lo hugeuka se: se lo diré. Mgeni mwenye umri kutoka Kolombia au Meksiko mwanzie na dígame, kama ambavyo usingemsalimu mzee "mambo" kabla ya shikamoo. Wahispania wengi wenyewe watakuhamishia kwenye dime mapema.

Sasa penye uzito. Mko kambi ya Barafu, saa tano usiku, mgeni anatapika na kuyumba. Kiongozi mkuu anakuambia: "Waambie washuke." Ukitafsiri dice que bajan, umesema "anasema wanashuka". Hiyo ni habari, na mgeni anaweza kukaa pale pale akingoja kujua ni akina nani wanaoshuka. Agizo ni dice que bajen. Herufi moja tu, e, na ndiyo ile ile ya "washuke"! Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kukariri kanuni ndefu hapa. Jiulize ungesema "wanashuka" au "washuke"; ukiona unataka "washuke", badili mwisho wa kitenzi cha Kihispania.

Ila angalia: vitenzi vya -ar ndivyo vinavyochukua e (bajar, bajen). Vya -er na -ir huenda kinyume, vinachukua a: beber (kunywa), beban; subir (kupanda), suban. Kwa hiyo "anasema mnywe maji" ni dice que beban agua. Mazoea yetu ya e hutufanya tuteleze hapa mara nyingi, kwa sababu beben (wanakunywa) nayo ni neno sahihi, na sikio halishtuki.

Wakati uliopita unatutega zaidi. Sisi husema "alisema tushuke" bila kugusa "tushuke". Kihispania, kwa agizo lililokwisha kupita, huvuta kitenzi cha pili nacho nyuma: dijo que bajáramos.

Decir yenyewe ikiwa wakati huo ni dije, dijiste, dijo, dijimos, dijeron. Hakuna dijieron, wala deció. J itoe kooni kama kh ya "Khamisi". Dije na dijo hubeba mkazo kwenye di, silabi ya pili toka mwisho, kama maneno yetu. Ni habló inayotaka mkazo mwishoni.

Na mgeni akiuliza ¿qué quiere decir "pole pole"?, usitafsiri neno kwa neno ukadhani kuna mtu anataka kusema kitu. Anauliza maana yake. Jibu: quiere decir "despacio".