Theluthi ya seli: mradi wa ratiba za dawa, wiki ya 6

Hatimaye nimelipata kosa lililonisumbua tangu mwanzo wa mwezi.

Programu yangu ya Python inalinganisha ratiba mbili za dawa za saratani: A na B kwa pamoja, au A kwanza, ikishindwa ndipo B. Uvimbe unaanza na seli bilioni 1, donge la kama sentimita 1. Kwa siku, asilimia 14 ya seli hugawanyika na 13 hufa. Dawa ikiingia, zinazokufa zinafika 17.

Kila nilipotoa dawa zote mbili kwa miaka miwili, uvimbe ulinywea, kisha baada ya miaka sita ukarudi vilevile. Juzi usiku nikachapisha idadi ya seli siku kwa siku. Siku ya 730, dawa zinapokoma: 0.31. Theluthi ya seli! Mlinganyo haujui kwamba seli ama ipo ama haipo. Uliichukua theluthi hiyo ukaikuza hadi bilioni.

Sasa seli zikishuka chini ya 1,000, programu inazihesabu nzima nzima, na kila moja inakufa au kugawanyika kwa bahati nasibu. Sifuri ikifikiwa, imefikiwa.

Katika majaribio 200, ratiba ya zamu (A kwanza, kisha B) haikuponya hata mara moja. Ya pamoja iliponya mara nyingi. Ndivyo walivyoonyesha Ivana Bozic, Martin Nowak na wenzao, watafiti wanaotumia hisabati kuchunguza saratani, mwaka 2013. Kabla dawa haijaanza, tayari zipo seli sugu kwa A, yaani zisizouawa nayo. Hizo hubaki, huongezeka upya hadi bilioni, na humo humo huzaliwa zilizo sugu kwa B pia. Wagonjwa wa kifua kikuu huanzishiwa dawa nne kwa mpigo kwa hoja hiyohiyo.

Lakini nikiruhusu badiliko moja tu la jeni linaloshinda dawa zote mbili, matokeo yanaporomoka. Kosa kwenye herufi moja ya DNA hutokea kama mara 1 katika migawanyiko bilioni, na hapa seli ni bilioni, kwa hiyo huenda seli ya namna hiyo tayari ipo. Hilo limeninyima usingizi.

Kinachofuata ni chembe nyeupe za damu. Shangazi alipokuwa kwenye tibakemia aliniuliza kwa nini asubiri wiki tatu kati ya dripu na dripu, nikakosa jibu. Kumbe dawa huumiza pia uboho, unaotengeneza chembe hizo, nao unahitaji muda wa kupata nafuu. Programu yangu bado inamwaga dozi kamili kila siku. Mstari wa kwanza nimeshauandika: chembe nyeupe zikishuka chini ya kiwango, dozi inasubiri.